Mzio wa Kwanza Tu

4 Februari

Mdogo wangu Profesa,

Barua yako imefika jana. Baba aliipokea mlangoni mwenyewe, maana unajua katika nyumba hii hakuna anayeruhusiwa kumtangulia tarishi. Akaipapasa stempu, akaipima kiganjani, akasema, "Karatasi mbili. Huyu ana shida." Miaka thelathini na miwili ya kugawa barua za watu haijamtoka mzee wetu. Macho ndiyo yamekwisha kabisa, sasa hata kivuli cha mtu mlangoni haoni. Nikamsomea mara mbili kabla hajaniachia ninywe chai, kisha akaitia kwenye bati la biskuti pamoja na nyingine zote. Anasema simu ni maneno ya kupita; mtoto wake akiwa na jambo la maana aliandike, aweke tarehe.

Eti unatengeneza mfumo wa kompyuta wa hospitali yetu, na unataka kujua fomu zetu zikoje. Hivi wewe uliyekuwa ukificha daftari la hesabu chini ya godoro ndiye leo utakayepanga majalada ya wagonjwa? Haya bwana, dunia ina mambo.

Fomu ya kumpokea mgonjwa ina kurasa mbili. Jina, umri, anakaa na nani, amewahi kuugua nini. Halafu kuna mzio, yaani vitu ambavyo mwili wake hauvikubali: dawa, chakula, chochote. Fomu imeacha mstari mmoja tu hapo, ila usidanganyike na huo mstari. Watu wanajaza pembeni, wanapanda juu, wanageuza nyuma. Kuna mama mmoja alibandika karatasi ya pili kwa plasta. Wiki iliyopita nimempokea mzee mwenye mizio minne, na wa nne ndio ungemuua. Kwa hiyo naandika kwa herufi kubwa usije ukasema hukuona: MIZIO HUWA MINGI. Sisi manesi kabla ya kuchoma sindano tunatazama pale kwanza.

Baba anasema mwandiko wako umeharibika. Nimemuuliza amejuaje, akajibu, "Nasikia unavyojikwaa."

Dada yako


15 Februari

Dada mkubwa,

Shikamoo, na Baba pia mpe shikamoo yake. Hiyo ya daftari chini ya godoro nilidhani ni siri yangu na Mungu.

Asante kwa maelezo ya fomu. Sasa na mimi nikufundishe kidogo, usije ukasema kazi yangu ni kubonyeza vitufe. Taarifa tunaziandika kwa mtindo unaoitwa XML. Usiogope jina. Ni maandishi ya kawaida, ila kila kitu kimefungwa ndani ya kifungo chenye jina lake, na vifungo vinakaa ndani ya vifungo vingine. Chukua nyumba yetu. Nyumba ina chumba cha Baba, chumba kina kabati, kabati lina bati, bati lina barua. Ukimtuma mtu barua, humwambii "leta barua" ukanyamaza, unamwelekeza njia. Kwenye kompyuta njia hiyo inaandikwa hivi:

/nyumba/chumba/kabati/bati/barua

Kila mkwaju, yaani kile kistari kilichoinama, ni mlango mmoja. Hapo utaletewa barua zote zilizomo. Ukitaka ile ya kwanza tu na zingine zibaki, unaweka namba ndani ya mabano ya mraba:

/nyumba/chumba/kabati/bati/barua[1]

Na kama hujui zimewekwa chumba gani, unaandika mikwaju miwili, //barua, basi mashine itapekua nyumba nzima mpaka chini ya lile godoro.

Ila kuna jambo moja linatutesa wote kazini. Njia ikikosewa, mashine haisemi. Ukiandika "kabeti" badala ya "kabati", haigombi wala haipigi kelele. Inarudi mikono mitupu, kimya, na wewe utaapa kwamba barua hazipo.

Kuhusu mizio, nimekusikia, wala hukuhitaji herufi kubwa. Nimeiandika kwenye daftari langu la kazi kwa wino mwekundu. Kila mgonjwa atakuwa na vifungo vya mzio vingi kadiri mwili wake unavyotaka kudeka.

Nisalimie Mwalimu, yule mama aliyetufundisha kuandika. Bado anasahihisha matangazo ya ukutani kwa kalamu yake nyekundu?

Mdogo wako,
Profesa


11 Mei

Profesa,

Mfumo wako umefika. Matroni alituita wote ukumbini, kukawa na hotuba tatu na keki moja. Wodi yetu imepata kompyuta mbili, wodi ya macho moja, masjala tano. Majalada ya karatasi yamefungiwa stoo na ufunguo anao mtu mmoja tu, naye huwa haonekani. Tuliambiwa kuanzia siku hiyo tuamini skrini.

Nakupa hongera kutoka moyoni, sikuviki kilemba cha ukoka. Kutafuta jalada kulikuwa kunanila nusu saa, sasa nabonyeza tu. Yule karani wa masjala, bwana mpole mwenye sweta la kijani, alinionyesha njia zako zinavyoandikwa kwenye faili lake. Nikamsomea kama ulivyonifundisha, mkwaju ni mlango, mabano ni namba. Akaniuliza nimejifunza wapi. Nikamwambia nina mdogo wangu Profesa.

Mwalimu alikuja kupimwa presha Jumatano. Anauliza kama umejifunza kuandika herufi "g" bila kuikata mkia. Nilimwambia siku hizi huandiki, unabonyeza. Akasema, "Masikini."

Sasa swali, na nijibu vizuri. Boksi la mzio kwenye skrini ni dogo, mstari mmoja. Mgonjwa akiwa na mizio mingi itakuwaje? Tangu tuanze nimewaona wenye mmoja mmoja tu, lakini moyo haujatulia.

Dada yako


20 Mei

Dada mkubwa,

Wewe kweli ni nesi. Unapewa keki unatafuta nywele.

Kuhusu lile boksi, ondoa wasiwasi. Mgonjwa akiwa na mizio mitano utaiona yote mitano imejipanga, boksi litajinyoosha lenyewe. Unachokiona kwenye skrini ndicho kilichomo kwenye taarifa. Kiamini kama unavyoniamini mimi.

Nina habari mbili za kumfurahisha Baba. Ya kwanza, wifi yako ni mjamzito, anatarajia Novemba. Ya pili, mfumo wetu umependwa na unakwenda hospitali nyingine kumi na moja, nami nimeambiwa nitakuwa mkuu wa kitengo. Yule mtoto wa tarishi, dada! Msomee Baba mstari huu polepole.

Mdogo wako,
Profesa


9 Agosti

Mdogo wangu,

Kwenye simu jioni ile nilikuwa nalia tu, sijui kama ulinielewa. Naandika sasa kwa utaratibu, kwanza kwa ajili yako, pili kwa sababu mwenyewe nahitaji kuyaona yamekaa kwenye karatasi.

Mwalimu aliletwa tarehe 3 asubuhi na jirani yake. Kidonda cha mguu kilikuwa kimeingia sumu, homa imempanda, anaongea maneno yasiyoshikana. Alikuwa ananiita kwa jina la mwanafunzi mwingine. Binti yake alikuwa njiani anakuja. Daktari wa zamu akaandika sindano ya penisilini. Nikafungua skrini kama ninavyofanya siku zote, nikatazama pale. Iliandika: mayai. Basi. Mayai tu, hakuna kingine. Nilimuuliza na yeye mwenyewe, "Mwalimu, kuna dawa inakudhuru?" Akaniambia nikae chini nifungue ukurasa wa kumi.

Nikamchoma. Haikupita dakika tano midomo ikavimba, koo likaziba. Tulifanya kila kitu. Mkono wake ulikuwa ndani ya mkono wangu, ule ule ulioshika wa kwangu ukaniongoza kuandika "a". Mkono huu umemuua Mwalimu, jamani.

Binti yake alipofika aliniuliza swali moja: "Mbona tuliandika?" Anasema mwaka juzi yeye ndiye aliyemjazia mama yake fomu, na penisilini aliiandika.

Nimesimamishwa kazi. Baraza la wauguzi litakaa kuamua kama nitanyang'anywa leseni. Kazi yenyewe si kitu sana, lakini nikinyang'anywa hiyo karatasi nitakuwa mtu aliyemuua mwalimu wake kwa uzembe, na nitazikwa na jina hilo.

Nakuuliza wewe peke yako. Uliniambia nitaiona yote. Kwa nini niliona mmoja?

Dada yako


16 Agosti

Dada mpenzi,

Pole sana. Tangu ile simu sijalala vizuri. Mwalimu alikuwa wetu sote, na nasikitika kazi ilinibana nikashindwa kuja mazishini.

Kuhusu swali lako, ninachoweza kusema ni kwamba mfumo unaonyesha kile kilichoingizwa. Inawezekana aliyehamisha taarifa kutoka kwenye karatasi aliruka kitu. Inawezekana pia, na usikasirike, kwamba kilikuwepo. Umekuwa ukifanya zamu mbili mbili tangu Juni, mwenyewe uliniambia. Macho yakichoka yanaona kile yanachotegemea kuona.

Wamesema kamati itakuja kukagua mfumo. Usibishane nao. Waache wafanye kazi yao.

Mpe Baba pole. Usimchoshe na mambo ya kiufundi.

Mdogo wako


30 Agosti

Mdogo wangu,

Kamati imekaa leo. Walikuwa watano, na matroni pembeni. Nikaulizwa, nikasema skrini ilionyesha mayai tu. Mwenyekiti akasema, "Basi tuifungue." Wakafungua mbele ya macho yangu, kompyuta ile ile, kiti kile kile, wakaandika jina la Mwalimu.

Ikatoka mizio mitatu. Mayai. Penisilini. Vumbi la chaki.

Vumbi la chaki, unasikia? Miaka arobaini alikuwa analimeza kwa ajili yetu na hakutuambia.

Matroni aliniangalia mara moja akainamisha kichwa, na mimi nilitamani sakafu ipasuke. Mwenyekiti akaandika. Nilisikia kalamu.

Kwa hiyo ulisema kweli. Ilikuwepo na mimi sikuiona. Nimekaa hapa jikoni najaribu kuikumbuka ile skrini, na kila nikiikumbuka naona mayai peke yake, na kila nikiona hivyo najiambia mwongo wewe, mwongo, unajitetea. Sijiamini tena. Leo nimehesabu vidonge vya presha vya Baba mara nne, nikampa jirani ahesabu ya tano.

Baba ameuliza kilichotokea kikaoni. Nimemwambia wameahirisha.

Dada yako


7 Septemba

Dada mpenzi,

Nimesoma barua yako nikaumia. Usijiite mwongo. Wewe ni binadamu, na binadamu huteleza. Ushauri wangu kama mtu anayekupenda: ukifika mbele ya baraza, usiendelee na ile habari ya skrini. Inakuharibia. Kubali kosa, sema ulichoka, omba radhi kwa binti wa Mwalimu. Mtu akikiri wanampunguzia. Huenda wakakufungia leseni mwaka mmoja au miwili tu, na wewe hata hivyo ulikuwa unahitaji kupumzika umtunze Baba.

Yaliyopita si ndwele.

Mdogo wako


21 Septemba

Profesa,

Jana yule karani wa masjala alikuja nyumbani na sweta lake la kijani. Alikataa kuketi. Alisema, "Dada, wewe si mtu wa kuruka neno. Wewe ulinisomea mabano siku ya kwanza. Twende nikuonyeshe kitu."

Unakumbuka wodi ya macho ilipata kompyuta moja? Paa lake lilianza kuvuja mwanzoni mwa Juni, wakaifunga wodi, na kompyuta wakaichomoa wakaifunika shuka. Hakuna aliyeikumbuka. Hata wewe uliyeko huko mbali na unayezibadilisha zote kwa kubonyeza hukuifikia, maana haikuwa imechomekwa.

Tukaichomeka. Nikaandika jina la Mwalimu. Taarifa zake ziliingizwa Mei, kwa hiyo zilikuwemo. Ikatoka mayai. Mayai tu, kama nilivyosema kwa kinywa changu mbele ya watu watano.

Karani akafungua lile faili la njia. Hakunieleza chochote, alisogea pembeni tu ili nisome mwenyewe.

/mgonjwa/mzio[1]

Mabano ya mraba, Profesa. "Ile ya kwanza tu na zingine zibaki." Nimejiuliza nani alinifundisha kusoma hayo na nimekumbuka.

Halafu tukaenda kwenye kompyuta za wodi yetu, tukafungua faili lile lile.

/mgonjwa/mzio

Mabano hayapo. Na faili linaonyesha siku lilipobadilishwa: 4 Agosti, saa tatu na robo asubuhi. Mwalimu alikufa tarehe 3. Mimi nilikupigia simu jioni ya tarehe 3 nikilia, nikakwambia mayai tu, mayai tu. Ukanisikiliza. Ukaniambia pole. Ukalala, ukaamka, ukanywa chai, ukayafuta mabano, ukaiacha kamati ije inikute mwongo.

Njia ya mwongo ni fupi, lakini wewe umeniachia mimi niitembee. Nilianza kuyashuku macho yangu! Nimehesabu vidonge vya baba yetu kama mwendawazimu, na wewe ukanikalia hapo na kalamu ukiniandikia "binadamu huteleza". Kosa ningekusamehe, haki ya Mungu. Mimi kazini nimeshawaona watu wazuri wakikosea. Ila ile barua ya tarehe 7, hiyo uliiandika ukiwa umekaa kitako.

Baraza linakaa tarehe 12 Oktoba, saa nne asubuhi. Karani atasema alichokiona, lakini ni karani, watamwambia kompyuta ya kuvujiwa si ushahidi. Anayejua yale mabano yaliwekwa na nani ni wewe. Njoo useme. Sitatoa barua yako yoyote kabla hujapata nafasi ya kusema kwa mdomo wako. Nitakuwekea kiti.

Dada yako


29 Septemba

Dada,

Sina la kuficha tena kwako.

Ilikuwa kwa muda tu. Mgonjwa akiwa na mizio mingi, boksi lilikuwa linalisukuma jina lake nje ya skrini. Maonyesho kwa wakubwa yalikuwa kesho yake. Mkubwa wangu akasema, "Fanya uwezavyo, skrini iwe safi." Nikaweka yale mabano nikijua Jumatatu nitayaondoa na kulipanga boksi upya. Jumatatu ikaja na kazi zake, na iliyofuata vile vile. Uliponiuliza mwezi Mei nilijua yapo. Nilikuandikia "utaiona yote" kwa sababu nilikuwa na hakika wiki ile ile nitarekebisha, na nilitaka uwe na fahari na mimi kidogo zaidi.

Uliponipigia simu nilijua mara moja ni yale mabano. Nilifikiria hospitali nyingine kumi na moja. Nilijiambia kwanza nizuie mwingine asife, na hilo ni kweli, dada, naomba uliamini. Lakini nilipokwisha kulizuia sikuweza kusema.

Nikuombe. Mtoto anazaliwa Novemba. Nikisimama pale watanifungulia kesi, si kunifuta kazi tu. Wewe hata ukikosa leseni una nyumba ya Baba, watu wa mtaa wanakujua, watakuhurumia. Mimi nikianguka hakuna wa kunidaka. Damu ni nzito kuliko maji. Ichome ile barua ya tarehe 20 Mei. Hakuna mwingine anayejua kama ipo.

Tarehe 12 nitajitahidi kuja. Nipe muda nifikiri.

Na hii usimsomee Baba.

Mdogo wako


15 Oktoba

Tulikaa tarehe 12, saa nne. Nilikuwekea kiti karibu na dirisha, nikakiwekea mkoba wangu juu mtu asikikalie. Saa nne na nusu mlinzi akaleta ujumbe wako wa simu, kwamba wifi hajisikii vizuri na utapiga baadaye. Sikukasirika hata kidogo, na hilo limenitisha zaidi. Nilikuita, ukarudi mikono mitupu, kimya, kama ulivyonifundisha.

Wakaniuliza kama nina la kuongeza. Nikautoa mkoba kwenye kiti chako, nikaitoa barua ya tarehe 20 Mei, nikaisoma mwenyewe kwa sauti mpaka pale penye "kiamini kama unavyoniamini mimi". Hapo nikamkabidhi mwenyekiti, akaimalizia. Halafu karani akaenda kuileta ile kompyuta ikiwa na shuka lake. Ya tarehe 29 pia wameiona. Wanayo nakala.

Leseni wamenirudishia. Wamenipa na onyo, kwa sababu sikudai jalada la karatasi lifunguliwe stoo. Onyo hilo nimelipokea, ni la kwangu, sitamsingizia mtu. Binti wa Mwalimu alinisubiri mlangoni. Hakunikumbatia. Aliniambia, "Angalau sasa najua tuliandika." Nimerudi kazini jana. Kabla ya kila sindano namuuliza mgonjwa mara tatu, mpaka ananishangaa.

Wewe watakuita. Sijui watakufanya nini na sitauliza.

Sasa habari ya Baba. Tangu Agosti nilikuwa namsomea barua zako kwa kuruka mistari. Juzi alisema, "Mbona barua za mdogo wako siku hizi zimekuwa fupi na karatasi ni zile zile nzito?" Huyo ni tarishi, utamdanganya karatasi? Nikaleta bati, nikaliweka mapajani mwake, nikaanza. Nilimsomea zote, siyo ya kwanza tu. Ile ya godoro alicheka. Ile ya kuwa mkuu wa kitengo aliniomba niirudie, nikairudia polepole kama ulivyotaka. Nilipofika ya tarehe 29, pale ulipoandika nisimsomee, nilisoma na hapo.

Nilidhani atalia, hakulia. Alianza kuzitoa barua moja moja, anaipapasa stempu, anaipanga, kama alivyokuwa akipanga mzigo wa asubuhi. Zote, hata zile za shule ulizoandika kwa penseli. Akaomba kamba. Nikamuuliza anafanya nini.

"Barua ambayo mwenyewe hayupo hairudi kabatini," akasema. "Inarudishwa kwa mtumaji."

Nikamwambia, "Baba, mwenyewe si wewe? Upo hapa."

Akasema, "Aliyekuwa akiandikiwa hizi ni baba wa mtu mwingine."

Alikifunga kifurushi mwenyewe, fundo la posta, na leo asubuhi alinishika bega tukaenda naye dirishani posta kukitia muhuri. Ndani utazikuta zako zote, kwa tarehe. Pekua utakavyo, mikwaju miwili ukipenda. Zinakosekana mbili. Ile ya tarehe 29 nimeibakiza mimi. Ya tarehe 20 Mei iko kwa baraza la wauguzi, kaichukue mwenyewe.

Muuguzi wa zamu,
Wodi ya tatu